Nyuma ya Ukumbi wa Komoni

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tisa. Najua mtu akisoma hivyo atacheka. Hooyo, mama yangu, alicheka pia, akaniuliza kama sasa nitaanza kutembea na bakora. Lakini Mzee Mutua, aliyekuwa mkubwa wangu kazini, alisema mtu anayeacha kazi bila kufukuzwa na bila kugombana na yeyote amestaafu, na umri ni shauri lake mwenyewe. Kwa hivyo naandika kama wanavyoandika waliostaafu. Nakuandikia wewe Zeinab, unayechukua nafasi yangu Jumatatu, na yeyote atakayekuja baada yako. Uso kwa uso nilishindwa. Jana nilikuonyesha swichi zote na sidhani nilimaliza hata sentensi moja bila kutazama viatu vyangu.

Ya malipo siandiki. Yalikuwa ya kibarua na yaliisha kama ya kibarua. Ya kupanda cheo pia siandiki, maana tulikuwa wawili tu na Mzee Mutua hakuwa na mpango wa kwenda popote.

Kampasi yetu ni tawi dogo la chuo kikuu cha umma, na ukumbi mkubwa ndio wa masomo ya pamoja, ambayo wanafunzi wote wanayaita komoni. Wewe umetoka sekondari juzi kama nilivyotoka mimi, kwa hivyo nakueleza. Mtu anaweza kuja chuoni kusomea hesabu, au ualimu, au biashara, au mifugo. Lakini kuna masomo ambayo wote lazima wayapite: stadi za mawasiliano, mazingira, UKIMWI na afya, ujasiriamali, maendeleo ya jamii. Moja likibaki, hata kama mengine yote umepata A, jina lako halisomwi siku ya mahafali. Hapo hakuna cha adeer wala cha abti, baba mdogo wala mjomba, anayemjua mtu ofisini.

Nilipata kazi hii kwa sababu ya maziwa. Hooyo anauza maziwa ya ngamia karibu na lango, na Mzee Mutua alikuwa mteja wake tangu nikiwa darasa la tano. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nakaa naye pale, nafunga mitungi na kukwepa kuongea na wateja. Siku moja Mzee Mutua akamwambia Hooyo kwamba kijana wake wa kazi amehamia Nakuru, na anataka mtu mwenye mikono safi na mdomo mdogo.

"Mdomo hana kabisa," Hooyo alisema. "Utautafuta mwenyewe."

"Huyo ndiye," akasema Mzee Mutua.

Siku ya kwanza niliingia ukumbini kabla watu hawajafika na nikataka kurudi nyumbani. Viti vilikuwa vingi kuliko watu wote niliowahi kuzungumza nao maishani. Mzee Mutua akanipeleka nyuma kabisa, kwenye meza ya mitambo, akanipa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi. Hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kazi, Zeinab. Vumbi la hapa linaingia kwenye projekta hata kama dirisha limefungwa, na ukilipuliza kwa mdomo unaongeza mate. Unapangusa polepole, kutoka juu kwenda chini, kila asubuhi, hata kama jana ulipangusa. Asiyefanya hivyo atajua saa nane mchana, mashine itakapojizima yenyewe kwa joto katikati ya somo la maendeleo.

Kanuni ya pili ni ya kutafuta kosa. Sauti ikikatika, watu mia watageuka kukutazama, na mkono wako utataka kushika kila kitu kwa wakati mmoja. Usishike. Anza kwenye ukuta, uje kwenye kebo, kisha kwenye mashine, mwisho kipaza sauti. Mzee Mutua alikuwa akisema wakati huo wanafunzi wote wawe ni mbuzi kwako. Mbuzi hawajui umeharibu nini. Betri za kipaza sauti zitoe kila jioni. Kitambaa cha skrini kikunje kabla ya upepo wa alasiri. Na ukisikia adhana ya adhuhuri na mwalimu bado anaendelea, punguza sauti kidogo kidogo. Ataelewa. Asipoelewa, wanafunzi watamwelewesha.

Kanuni ya tatu nilipewa siku hiyo hiyo, na mimi niliipenda kuliko zote. "Fundi hasikiki," alisema. "Kukisikika kitu humu ndani, kiwe ni mwalimu. Wewe ukisikika, ujue umeharibu." Nilimwambia hiyo sitapata shida nayo.

Basi nikakaa pale nyuma muhula baada ya muhula, na nikasikia masomo yote ya komoni kutoka mwanzo hadi mwisho, mengine zaidi ya mara moja. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanayadharau. Walikuwa wakiingia wanasema, "Mimi nimekuja kusomea fizikia, sasa nafundishwa kusalimiana?" Mimi sikuyadharau. Nilikuwa nasoma bure. Ni komoni iliyonifundisha kwa nini malisho ya upande wa Ijara, kwa kina ayeeyo, bibi yangu, yanabadilika, na ni komoni iliyonifundisha mambo ya afya ambayo nyumbani hakuna aliyethubutu kuyataja. Hilo la pili nililisikia nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye kebo, lakini nililisikia lote.

Ujasiriamali ulikuwa na vituko vyake. Mwalimu alikuwa kijana aliyetoka masomoni moja kwa moja, na mbele yake kulikuwa na safu nzima ya wavulana wa Elwak, watu ambao wamezaliwa dukani. Siku moja alikuwa anaeleza jinsi ya kumtambua mteja. Mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Wewe umewahi kuuza nini?"

Mwalimu akafikiri. "Niliwahi kuuza simu yangu."

"Ulipata faida?"

"Hapana."

"Haya, endelea mwalimu. Tunasikiliza."

Mwalimu alicheka mwenyewe, na baada ya hapo lile somo likawa zuri, kwa sababu alianza kuwauliza.

Lakini somo gumu kuliko yote lilikuwa stadi za mawasiliano, la Madam Kemunto. Alikuwa ametoka Kisii, mwembamba, na hakuchelewa hata siku moja. Nusu ya alama zake zilikuwa za maandishi, na nusu ya kusimama mbele ya ukumbi mzima kueleza jambo moja kwa kipaza sauti. Ukianguka kwenye kusimama, umeanguka somo. Hapo ndipo nilipomjua Ibrae.

Ibrae alikuwa wa mwaka wa nne, wa hesabu na fizikia, mtoto wa wafugaji wa Hadado, wale wanaozungumza Kiborana nyumbani. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye adabu mpaka ukajisikia vibaya. Masomo mengine yote alikuwa ameshayapita, hesabu akiongoza. Hili la kusimama alikuwa amelianguka kila alipolijaribu tangu mwaka wa kwanza. Mara ya kwanza kumwona, alisema sentensi moja, nzuri kabisa, halafu akanyamaza. Nilidhani ni kipaza sauti. Nikaanza kwenye ukuta, nikaja kwenye kebo, nikafika kwenye mashine. Kila kitu kilikuwa kizima. Ni yeye aliyekatika.

Madam Kemunto alimngoja kwa upole. Kisha akasema, "Kaa chini, Ibrae," akaandika alama. Safu ya nyuma wakanong'ona. Mmoja akasema, "Huyo akifundisha, watoto watasoma ubao tu." Sikucheka. Mimi na kunyamaza tunajuana vizuri.

Mambo yalikuwa hivi. Alibaki na nafasi moja tu kabla ya orodha ya mahafali kufungwa. Akipita, anavaa joho na wenzake. Akianguka, anabaki mwaka mzima kwa ajili ya somo moja, na shule moja ya upande wa kwao iliyokuwa inamngoja afundishe hesabu ingetafuta mwingine. Haya Ibrae alimweleza Mzee Mutua mwenyewe, alipokuja kuomba ukumbi mtupu afanye mazoezi. Mzee Mutua alimpa. Ibrae alikuwa akija jioni, anasema yote kwa viti vitupu bila kukwama hata mara moja. Mimi nilikuwa pale napanga kebo na yeye alinizoea kama mtu anavyozoea feni. Nilishangaa sana. Kwa viti aliweza.

Halafu mjomba wake akaja.

Ilikuwa alasiri, nimekaa na Hooyo langoni. Lori la mbuzi lilisimama, likielekea soko la mifugo, na mzee mmoja mwenye kilemba akashuka. Ibrae alikuja mbio kutoka ndani, wakasalimiana kwa mikono miwili, nagaa, nagaa, amani hii na amani ile, kisha wakakaa kwenye kivuli cha lori. Mzee akamwuliza habari. Na Ibrae akaanza kuzitoa.

Kiborana changu ni cha sokoni, nashika neno moja naacha mawili. Lakini sikuhitaji maneno, kwa sababu kwetu pia ni hivyo hivyo, kwa ayeeyo kule Ijara. Mtu akitoka mbali haulizwi tu "habari" akajibu "nzuri" basi. Anatoa habari yote kwa mpangilio: mvua, majani, mifugo, wagonjwa, waliooa, waliofariki, na mwisho yeye mwenyewe. Hakuna anayemkatiza. Ila kuna kazi moja kwa anayesikiliza. Kila kipande kikifika mwisho, anajibu. Kwetu tunasema "haye", yaani nimesikia, endelea. Mzee yule alikuwa anasema "ee", chini chini, kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Ibrae kipande, mzee "ee". Ibrae kipande, mzee "ee". Ibrae alisema, macho yake chini, sauti imetulia, mpaka Hooyo akauza mtungi mzima, na hakutafuta neno hata mara moja.

Kwetu usipomjibu mtu anayetoa habari, umemwambia kitu kibaya sana. Umemwambia habari yako hatuitaki, au umekuja na balaa. Atanyamaza. Hata mtoto atanyamaza. Nilikuwa nalijua hili tangu naanza kutembea, na bado sikuwa nimeliona pale ukumbini, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Watu wote wale walikuwa wanamheshimu Ibrae kwa adabu ya shule, na yeye alikuwa anasikia wanamfukuza.

Ilinichukua siku kadhaa kumwambia. Nilimwambia nikiwa nyuma ya spika, tusionane vizuri.

"Pale mbele hujibiwi," nilisema. "Ndiyo maana."

"Viti navyo havinijibu."

"Viti si watu. Viti haviwezi kukataa habari yako."

Hapo akacheka, mara ya kwanza kumsikia. "Abaayo, dada yangu, ule ni mtihani. Nitamwambia Madam aniitikie kama mjomba?"

Nilienda nyumbani nikijua ugonjwa na sijui dawa. Kumwambia Madam Kemunto mimi mwenyewe nilishindwa. Nilifika mlangoni kwake, nikasikia anakohoa, nikarudi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Madam alikaa mbele na mwalimu mwingine aliyetumwa kutoka kampasi kubwa, mtu mnene mwenye miwani, anayetazama saa. Ibrae aliitwa katikati. Alikuwa amechagua kueleza jinsi ya kujua kina cha kisima bila kushuka ndani: unaangusha jiwe, unahesabu mpaka usikie maji, na hesabu inakupa urefu. Nilimwekea picha ya kisima kwenye skrini. Akashika kipaza sauti.

"Kwetu Hadado," alisema, "mtu anayefukua kisima cha zamani huogopa kitu kimoja kuliko nyoka."

Kimya. Kimya kizuri, cha heshima, watu wameinama mbele wanataka kujua ni kitu gani. Na nikamwona anaanza kukatika. Mkono wenye kipaza sauti ulishuka kidogo. Madam akasema, "Endelea." Hakuendelea. Mwalimu mnene akatazama saa. Mtu mmoja mbele yangu akaguna, "Tayari imezima."

Zeinab, mimi sijui nilivyofanya. Najua tu kwamba nilisikia sauti ikitoka nyuma ya ukumbi, kubwa kuliko ninayotumia kumwita Hooyo.

"Haye."

Watu wote waligeuka. Wengine walicheka. Ibrae hakugeuka wala hakucheka. Mkono ulipanda.

"Huogopa kushuka bila kujua maji yako mbali kiasi gani."

"Haye."

"Na hawezi kushuka mwenyewe kupima kwa kamba, kwa sababu hewa ya chini ni mbaya."

"Haye," nikasema, na safari hii kulikuwa na sauti nyingine pamoja na yangu. Ni mmoja wa wale wavulana wa Elwak. Kipande kilichofuata walikuwa safu yao yote. Cha baada ya hapo ulikuwa ukumbi mzima, hata Wakamba na Waluo ambao hawakujua wanajibu nini, na Ibrae anatembea ndani yake kama mtu aliyefika kwao. Aliangusha jiwe, akahesabu, akaandika kanuni ubaoni, akaeleza kwa nini sauti nayo inachukua muda kupanda na lazima uutoe kwenye hesabu. Macho yalikuwa chini muda wote. Alipomaliza akasema, "Hiyo ndiyo habari yangu," akaweka kipaza sauti mezani taratibu, kama nilivyowaomba wote na hakuna aliyewahi kunisikiliza.

Madam Kemunto akasimama. "Nani alianza?"

Ningeweza kukaa. Meza ya mitambo ni ndefu. Lakini nilisimama.

"Ulimpa maneno?"

"Hapana, Madam. Maneno ni yake yote. Nilimjibu tu. Kwetu mtu asipojibiwa anajua hatakiwi, ananyamaza."

"Hii haiko kwenye utaratibu," akasema mwalimu mnene. "Amesaidiwa."

Madam akatazama karatasi yake ya alama. "Hapa kuna alama za kushirikisha hadhira. Kwa maoni yako, mwalimu, hadhira imeshirikishwa?"

"Imeshirikishwa kupita kiasi."

"Basi tuone bila wao." Akatugeukia. "Sasa hakuna anayejibu. Nitamwuliza maswali mimi."

Na alimwuliza. Hakumhurumia. Kama jiwe ni jepesi? Kama kisima kimepinda? Mtu asiyejua hesabu atafanyaje? Ibrae alijibu yote. Swali nalo ni jibu. Mtu anayekuuliza anataka habari yako. Nilikuwa nimekaa, nimeziba mdomo kwa shela nisije nikasema tena.

Jioni Mzee Mutua alikuja kufunga. Alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni.

"Leo fundi amesikika," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kifaa kilikuwa na tatizo?"

"Kilikuwa kizima."

"Tatizo lilikuwa wapi?"

"Mwisho wa kebo, mzee. Kwa wanaosikiliza."

Alifikiria hilo huku anatoa betri. "Ulianza kwenye ukuta?"

"Nilianza kwenye ukuta."

"Basi," akasema, na hatukuzungumza tena jambo hilo.

Matokeo yalipobandikwa, Ibrae alikuja mwenyewe hadi nyuma ya ukumbi. Nilikuwa nakunja kebo na sikuinua kichwa.

"Nimepita," alisema.

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kiasi cha kupita. Alama za kutazama watu machoni sikupata hata moja."

"Mimi pia nisingepata."

"Najua, abaayo. Hujanitazama tangu nimeingia."

Siku ya mahafali jina lake lilisomwa, na mwezi uliofuata akaanza kufundisha. Mimi nimepata nafasi ya kusomea ualimu, hapa hapa. Komoni ni lazima, na stadi za mawasiliano ni za muhula wa kwanza. Naogopa, lakini nafurahi pia, siwezi kudanganya.

Kazi zako ni zile nilizokuonyesha jana, na moja ambayo sikukuonyesha kwa sababu haina swichi. Madam Kemunto ameiweka rasmi. Siku za kusimama, anayezungumza anaulizwa kwanza: unataka ukumbi ukae kimya, au unataka kujibiwa? Wengi wa Nairobi huchagua kimya. Wengi wa huku huchagua kujibiwa, na alama za kutazama machoni kwao sasa zinatolewa kwa namna nyingine. Wakichagua kujibiwa, lazima awepo mtu mmoja wa kuanza, maana watu wengi hawaanzi peke yao. Mtu huyo ni fundi wa nyuma. Imeandikwa hivyo kwenye ratiba, na nilikuwa wa kwanza kuifanya.

Utaona haya mara ya kwanza. Usisubiri ziishe, kwa sababu mtu amesimama pale mbele na sentensi yake moja na anakungoja wewe. Jibu kwa sauti ya kumfikia.